Mpagazi Asiye na Jina: Mhadhara Kuhusu Programu za Vitu, Uliotolewa Tabora

  

Nimeombwa niseme juu ya kompyuta, nami nitasema. Ila niruhusuni nianzie barabarani, kwa kuwa mji huu wenyewe ulizaliwa barabarani. Kabla reli haijafika hapa mwaka 1912, Tabora ilikuwa njia panda ya miguu. Kutoka mashariki ilikuja njia ya Bagamoyo ikipitia Ugogo. Kwenda magharibi iliendelea hadi Ujiji. Kaskazini ikachepuka kuelekea Karagwe na Buganda. Wazungu Burton na Speke walipoingia Kazeh, yaani hapahapa Tabora, tarehe 7 Novemba 1857 hawakufungua njia yoyote. Wanyamwezi walikuwa wameshaikanyaga kwa miongo mingi, wakiteremsha pembe za ndovu hadi pwani kwa mabega yao wenyewe.

Sasa jiulizeni. Msafara wa watu mia mbili uliwezaje kutembea miezi mitatu kutoka pwani hadi hapa, kwa kijia chembamba, mtu nyuma ya mtu? Wa mbele alikuwa ameshafika kambini wakati wa nyuma bado anavuka mto. Mwenye mali hakuweza kumwona kila mpagazi, sembuse kumwambia ainue mguu gani. Na bado jioni mizigo ilikuwa imepangwa, moto umewashwa, sufuria ziko jikoni. Ni kwa sababu hakuna aliyeuendesha msafara hatua kwa hatua. Kila mmoja aliijua kazi yake, aliubeba mzigo wake, na alitega sikio.

Nimekuja kuwaambia kwamba hiyo ndiyo namna ya kupanga programu ambayo wataalamu wa kompyuta wanaiita programu za vitu. Na nimekuja kuwaambia jambo la pili, ambalo mimi mwenyewe nimechelewa kulijua, na ambalo nitalifikia mwishoni.

Paka na wapagazi watatu

Vijana mlio mbele mnaifahamu Scratch. Kwa wazazi nieleze kidogo. Ni programu ya kujifunzia kuandika programu, iliyotengenezwa na kikundi cha Mitchel Resnick katika chuo cha MIT, Marekani, ikatolewa mwaka 2007. Mtoto hachapi maandishi marefu ya kigeni. Anaburuta matofali ya rangi na kuyapachika moja chini ya jingine; tofali lisilofaa mahali fulani halipachiki. Upande mmoja wa kioo kuna jukwaa, na juu ya jukwaa wako wahusika. Anayekukaribisha ni paka wa rangi ya chungwa. Unaweza kubadilisha lugha ya matofali iwe Kiswahili, na unaweza kuisakinisha kwenye kompyuta ikafanya kazi bila intaneti, jambo ambalo uzito wake walimu wa vijijini wanauelewa.

Mara ya kwanza nilipotaka kutengeneza msafara katika Scratch, nilifanya kama karani. Niliandika orodha moja ndefu: mpagazi wa kwanza asogee, wa pili asogee, wa tatu asogee, wa kwanza apumzike, wa pili apumzike, wa tatu apumzike. Walikuwa watatu, wakaenda vizuri. Nikajivuna. Kisha nikataka wawe thelathini. Orodha ikawa ndefu kuliko kioo. Nilipotaka mmoja tu aanguke mtoni, ilinibidi nitafute mahali kumi na mbili pa kurekebisha, na nikasahau pa kumi na tatu. Mpagazi wangu akawa anazama huku anatembea.

Kosa langu lilikuwa moja: niliweka akili yote mahali pamoja. Wapagazi wangu walikuwa picha tu, wanasukumwa kutoka nje. Mwendo, uchovu, mzigo na posho vyote vilikaa katika orodha yangu, na kwa mpagazi mwenyewe hakikubaki kitu.

Katika programu za vitu tunageuza. Kitu kinapewa mambo mawili: kile kinachokijua, na kile kinachoweza kukifanya. Mpagazi anajua ana frasila ngapi begani, nguvu zake zimebaki kiasi gani, amekula au hajala. Anaweza kuinua, kutembea, kutua, kula. Hayo yote yanakaa ndani yake. Mimi mwandishi nikishamaliza kumwunda, kazi yangu ni kumwita tu.

Mmoja akala, wote wakashiba

Tuanze na kile anachokijua. Katika Scratch unatengeneza kisanduku, unakipa jina, unaweka ndani yake namba au neno. Unapokitengeneza, Scratch inakuuliza swali ambalo watoto wengi wanalipita bila kulisoma: kisanduku hiki ni cha wahusika wote, au ni cha mhusika huyu peke yake?

Nami nililipita. Nikatengeneza kisanduku cha nguvu, nikakiacha kiwe cha wote. Msafara ukaanza. Mpagazi wa kwanza akatembea, nguvu zake zikapungua. Na za wenzake wote zikapungua papo hapo, hata waliokuwa bado wamelala. Mmoja akala ugali, thelathini wakashiba. Mmoja akaanguka kwa uchovu, msafara mzima ukalala chini kama majani ya mpunga yaliyopigwa na mvua. Nilicheka, kisha nikakaa kimya. Nilikuwa nimetengeneza tumbo moja la watu thelathini.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na walisema kwa kejeli: hatuuhisi uzito ulioko begani pa mwingine. Katika programu kejeli hiyo ndiyo kanuni. Uzito wa mpagazi huyu ni wake yeye. Mzigo wa kawaida njiani ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32, lakini mwenye pembe ndefu na mwenye mtumba wa merikani hawakuchoka sawa. Kwa hiyo nguvu, mzigo na posho ni visanduku vya mhusika peke yake. Vya wote ni vya yale ambayo kweli ni ya wote: siku ya ngapi ya safari, mvua inanyesha au hainyeshi, maji yako umbali gani.

Nawaomba walimu msipite haraka hapa. Mtoto akielewa tofauti ya kisanduku cha wote na kisanduku cha mmoja, amekwisha kuelewa nusu ya somo hili.

Mbiu ikilia

Sasa tuje kwenye kuitana. Kirangozi, mtu wa mbele, alipiga pembe asubuhi. Hakwenda kwa kila mtu kumweleza la kufanya. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na kila mtu alijua jambo hilo linamtaka afanye nini. Mpagazi aliinua mzigo. Mpishi alizima moto na kufunga sufuria. Askari alichukua bunduki. Mnyapara alianza kuhesabu watu. Sauti moja, na kila mmoja akaitikia kwa kazi yake.

Scratch ina tofali la namna hiyo hasa. Mhusika mmoja anatangaza ujumbe, tuseme «safari», na kila mhusika mwenye tofali la kupokea ujumbe huo anaanza kutenda kwa namna yake. Asiye nalo haitiki. Aliyetangaza hahitaji kujua wako wangapi, wala ni nani, wala wanafanyaje. Kesho ukiongeza mganga katika msafara, humgusi kirangozi hata kidogo. Unamfundisha mganga la kufanya mbiu ikilia, basi.

Wataalamu wana jina zito kwa jambo hili la wito mmoja kuitikiwa kwa sura nyingi. Mimi naliita mwitikio wa kila mmoja, na sijamwona mtoto aliyeshindwa kulielewa baada ya kuigiza darasani. Wapangeni wanafunzi kumi uwanjani, kila mmoja na karatasi ya kazi yake, mmoja apige filimbi. Dakika kumi zinatosha.

Na hapa niseme kidogo fikra hii ilikotoka. Katika miaka ya 1960, huko Oslo, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walitaka kuiga katika kompyuta mambo yenye foleni na watendaji wengi, wakatengeneza lugha ya Simula. Toleo lake la 1967 ndilo lililoweka msingi wa programu za vitu. Wazo lilizaliwa, basi, kutokana na hamu ya kuiga shughuli za watu wengi wanaofanya kazi kwa wakati mmoja. Baadaye Alan Kay na wenzake huko California wakatengeneza Smalltalk. Kay mwenyewe alikuja kujutia neno «vitu», kwa sababu watu walikazia macho vitu na kusahau kile alichokiona kuwa kikubwa zaidi, yaani ujumbe unaopita kati yao. Scratch ya kwanza iliandikwa ndani ya Squeak, ambayo ni mzao wa Smalltalk. Kwa hiyo yule paka wa rangi ya chungwa ana babu, na babu yake alikuwa mtu wa mbiu.

Mtumba uliofungwa

Jambo la tatu ni mtumba. Leo tukisema mitumba tunafikiria nguo za sokoni, lakini neno hili ni la njiani. Mtumba ulikuwa robota la nguo au mali nyingine, limekazwa kwa kamba, likashindiliwa mpaka likawa gumu kama gogo. Mpagazi aliubeba kutoka pwani bila kuufungua. Hakuhitaji kujua ndani kuna kaniki doti ngapi. Alihitaji kujua pa kushika.

Kitu kizuri katika programu ni mtumba wa aina hiyo. Nje kina pa kushika, ndani kimefungwa. Mnyapara akitaka mpagazi apunguziwe mzigo, haingizi mkono katika kisanduku cha mwenziwe na kubadilisha namba. Anampelekea ujumbe wa kupunguza mzigo, na mpagazi mwenyewe anapunguza, kwa kufuata masharti yake: mzigo hauwezi kuwa chini ya sifuri, na aliyelala hapunguziwi, anasubiriwa.

Scratch inalisimamia jambo hili kwa namna ya kupendeza. Liko tofali linalomwezesha mhusika kusoma kisanduku cha mhusika mwingine, hata kile cha peke yake. Lakini hakuna tofali la kukibadilisha. Kuchungulia ruhusa, kugusa marufuku. Watoto hulalamika. Wanataka kwenda moja kwa moja. Ninawauliza: nyumbani kwenu, mgeni akitaka chumvi, huingia mwenyewe jikoni akafunua vyungu, au huomba? Wanacheka na kuelewa. Adabu hiyo ina faida ya kazi pia. Programu ikiharibika, namba ya mzigo ikawa ya ajabu, unajua pa kutafuta: ni kwa mpagazi mwenyewe tu, kwa maana hakuna mwingine mwenye mkono wa kuifikia.

Kalibu ya Tabora

Tumeunda mpagazi mmoja. Tunataka thelathini. Hapa nitawapeleka mwaka 1916, palepale tulipo.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimelifungia koloni la Wajerumani njia za bahari, na sarafu zikaadimika. Wakageuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha fedha. Kutokana na dhahabu ya nchi hii walipiga sarafu ya rupia 15: upande mmoja tai wa Kijerumani, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga, mlima ukiwa nyuma yake. Zilipigwa takriban 16,000 kabla Wabelgiji hawajauteka mji Septemba ya mwaka huohuo. Leo wakusanyaji wa sarafu duniani kote wanaitafuta na kuiita kwa jina la mji wetu.

Sasa fikirini ile kalibu ya chuma iliyopiga sarafu. Kalibu ina tembo, ina mlima, ina tai, lakini si fedha. Huendi nayo sokoni. Ni umbo linalosema kila sarafu itakuwaje. Sarafu ndiyo inayotoka, inakwenda zake, na kila moja ina maisha yake: moja imezikwa chini ya sakafu ya tembe, nyingine imeyeyushwa ikawa kipini, nyingine iko katika kabati la kioo Ulaya. Ukiikwaruza moja, nyingine hazipati alama. Lakini ukigusa kalibu, zote zitakazofuata zinabadilika. Wakusanyaji wanazigawa sarafu za Tabora katika aina mbili kwa sababu ya nakshi ndogo tu: katika aina moja ncha yake inaishia chini ya herufi A ya neno la Kijerumani OSTAFRIKA, katika nyingine chini ya herufi T. Kalibu mbili, koo mbili.

Kalibu hiyo katika programu naiita kiolezo. Wengine wanasema klasi. Sarafu ndicho kitu. Kiolezo kimoja, vitu vingi. Umbo moja, maisha mbalimbali.

Scratch haina kalibu kamili, na lazima tuwe wakweli kwa watoto. Ina nakala. Unamwunda mpagazi mmoja, kisha unamwambia ajinakili. Mhusika wa kwanza ni kalibu na sarafu kwa pamoja, ni kama sarafu unayoibana katika udongo kupata nyingine. Faida yake ni wepesi. Hatari yake ni kwamba nakala inazaliwa na hali ya aliyenakiliwa kwa saa ile. Ukimnakili mpagazi aliyechoka, thelathini watazaliwa wamechoka. Kwa hiyo kila nakala inapoanza, ijazwe visanduku upya: nguvu mia, posho imetolewa, mzigo wako huu. Na kuna mpaka: Scratch inaruhusu nakala 300 kwa wakati mmoja. Msafara wa Stanley wa mwaka 1871, uliokuwa na watu karibu 190 waliogawanywa katika makundi matano, unaingia. Misafara mikubwa ya pembe, iliyofika watu elfu, itabaki nje ya mlango.

Neno moja kwa walimu wa Kiswahili walioko hapa, wasije wakadhani nimewasahau. Watoto wetu wamekuwa wakitumia violezo tangu walipoanza kusema, nasi tunaviita ngeli. Ukitamka «mtoto», sentensi nzima inajua la kufanya: mtoto huyu mrefu amefika. Na kifaru je? Amevaa vazi la KI, lakini hatusemi kifaru kimelala. Tunasema kifaru amelala. Vazi ni la ngeli moja, tabia ni ya nyingine. Katika Scratch pia mhusika ana mavazi na ana matofali, na hayo ni mambo mawili. Ukimvalisha paka picha ya punda hajawa punda. Bado anatenda kwa matofali ya paka. Tabia ndiyo inayotuambia kitu ni nini.

Urithi, na kosa linalorithiwa

Kijana akishaizoea Scratch, mpandisheni ngazi. Iko programu iitwayo Greenfoot, iliyoanzishwa na Michael Kölling na wenzake, ambamo violezo vinaonekana kwa macho: visanduku upande wa kulia wa kioo, vimeunganishwa kwa mishale kama ukoo. Unabofya kiolezo, unaumba kitu, unakiweka katika dunia yake. Hapo maagizo huandikwa kwa Java, lakini macho bado yanasaidia mikono.

Mishale ile ni urithi. Kirangozi anatembea, anakula, anachoka. Mpagazi pia. Mnyapara pia. Kwa nini niandike kutembea mara tatu? Naunda kiolezo cha juu, nakiita Msafiri, naweka humo kutembea, kula na kuchoka. Halafu Mpagazi anarithi kwa Msafiri na kuongeza kubeba. Kirangozi anarithi na kuongeza kupiga mbiu. Mnyapara anarithi na kuongeza kuhesabu. Nikirekebisha kutembea kwa Msafiri, wote wamerekebishwa.

Ndipo yanapoanza maswali, na maswali haya ndiyo yaliyonifanya nikubali kuja kusema leo. Darasani niliwauliza vijana: punda tumweke wapi? Anabeba kama mpagazi, anakula, anachoka. Lakini hapewi ujira, wala hawezi kukataa safari. Wakabishana nusu saa. Wengine wakamweka chini ya Msafiri, wengine chini ya Mzigo unaotembea. Wote walikuwa na hoja.

Kisha binti mmoja akauliza: na watumwa je?

Darasa likanyamaza. Njia hii ilipitisha wapagazi wa Kinyamwezi, watu huru waliopatana ujira, waliojivunia kazi yao kiasi kwamba kijana asiyewahi kufika pwani aliitwa bado mtoto. Njia hiyohiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo, na baadhi yao walibebeshwa pembe. Wote walitembea, wote walikula walipopata, wote walichoka. Kwa macho ya programu wote ni Msafiri. Lakini kwa daftari la mfanyabiashara, yule aliyefungwa hakuwa chini ya Msafiri. Alikuwa chini ya Mali, pamoja na pembe na nyaya za shaba.

Hapo nikaona nilichokuwa sijakiona miaka yote ya kufundisha. Nilikuwa nikisema kiolezo ni chombo cha kurahisisha kazi. Ni kweli. Lakini kila kiolezo ni uamuzi: hiki tutakihesabu, hiki tutakiacha, huyu ni wa aina hii, yule ni wa aina ile. Mpagazi wangu alikuwa na visanduku vitatu, mzigo, nguvu na posho. Hakuwa na nyumba. Hakuwa na mke, ingawa wanawake wengi walitembea na misafara, wakipika na kubeba vyombo vyao. Hakuwa na uwezo wa kutupa mzigo porini na kurudi kwao, jambo ambalo wapagazi wa kweli walilifanya mara nyingi ujira ulipopunjwa. Ni mimi niliyeyaacha, na sikujua kwamba nimechagua.

Na kwa sababu ya urithi, anayekosea juu amewakosea wote walioko chini. Kosa katika orodha ni la mstari mmoja. Kosa katika kiolezo linazaa.

Nakala haina jina

Sasa nifike pale nilipoahidi. Scratch ina kasoro moja ambayo walimu wanailalamikia: nakala haina jina. Mhusika wa asili ana jina na unaweza kumwita. Lile tofali la kuchungulia visanduku linamwona yeye. Nakala zake 30 haliwezi kuzitaja moja moja. Zinasikia mbiu, zinatembea, zinachoka, zinafutwa programu ikisimama. Kwa kompyuta zipo. Kwa mwenzao zinabaki umati.

Nilipoeleza hilo, binti yule akasema, «Mwalimu, ndio hao wapagazi wenyewe.»

Alisema kweli. Tunamjua Sidi Mubarak Bombay, aliyepita hapa na Burton na Speke, tena na Speke na Grant, tena na Stanley, tena na Cameron. Tunawajua Susi na Chuma, walioubeba mwili wa Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo hadi Bagamoyo kati ya mwaka 1873 na 1874, wakapitia Unyanyembe hii yetu, karibu na ile tembe ya Kwihara ambayo bado tunawaonyesha wageni. Tunawajua kwa sababu waliofuatana nao waliandika vitabu. Waliowabebea wafanyabiashara wa kawaida mizigo ya kawaida, mwaka baada ya mwaka, kwa maelfu, wamebaki kama nakala. Njia wameichonga kwa nyayo zao, majina hawakuachiwa mahali pa kuyaweka.

Kasoro ya Scratch ina dawa, na dawa yake ni ndogo sana. Unatengeneza kisanduku kimoja zaidi, cha mhusika peke yake, unakiita «jina». Kila nakala inapozaliwa, inachukua jina moja kutoka katika orodha na kuliweka ndani yake. Kuanzia hapo, ujumbe ukitangazwa, kila nakala inaweza kujiuliza: je, ni mimi ninayeitwa? Anayeitwa anaitika, wengine wanaendelea kutembea.

Binti yule ndiye aliyeandika orodha ile. Hakuweka Bombay, Susi wala Chuma. Alikwenda kwa bibi yake, akamwomba majina ya wazee wa ukoo hadi pale kumbukumbu ilipokatikia, akarudi na majina kumi na moja. Alipobofya bendera ya kijani inayoanzisha programu, wapagazi thelathini walisimama jukwaani. Kumi na mmoja wakaandika majina yao juu ya vichwa. Waliobaki kumi na tisa, visanduku vyao vilikuwa wazi, akaviacha wazi.

Nikamwuliza kama angependa kuvijaza kwa majina ya kubuni, ili kioo kipendeze. Akasema hapana, na akapiga mbiu.